Mafuta ya Jua

Sipulizi moto tena. Kuni zikigoma nachukua mfuniko wa sufuria napepea, au namwita mtu mwenye mdomo mzima aje anisaidie. Mdomo wangu wa chini, upande wa kushoto, madaktari walikata kipande, wakavuta kingo mbili wakazishona, na mdomo ukabaki mdogo. Uji nanywa kwa kijiko cha chai. Nikitamka neno lenye "m" au "p" linatoka na upepo. Watu wakiniona huuliza hayo kwanza, kwa hiyo nimeyaweka mbele ili tuyamalize.

Jina langu Skolastika, nyumbani Skola. Mimi na mdogo wangu Otilia tulizaliwa zeruzeru, siku hizi wanasema albino, kwenye milima ya kahawa juu ya mji wa Mbinga. Aliyeniomba niandike ni Nesi Perpetua wa hospitali ya misheni kule ziwani. Aliniambia, "Skola, andika ulivyougua, niwasomee hawa wanaokuja na vidonda wamevifunika kanga." Nikamwambia sawa. Lakini siwezi kuandika nilivyougua nikaacha kuandika nilivyokosa, na yeye analijua hilo vizuri tu.

Mama alitulea kwa amri. Shambani tulikwenda gizagiza la alfajiri, tukapanda mahindi kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani, wakati watoto wa wenzetu bado wanaota moto. Jua likipanda tulikuwa tumesharudi ndani. Mikono mirefu alitushonea kutoka mashati ya Baba yaliyochakaa, na kofia za ukindu tulivaa mpaka kanisani, padri akazoea. Kila dawa ilipokwisha Mama alishuka ziwani, kipande kwa lori na kipande kwa miguu, akarudi na kopo la majarini limejaa kitu cheupe, kizito, kinachonuka kama ukuta uliopakwa jana. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yetu ya kujikinga na jua. Tuliiita chokaa. Ukiipaka unakuwa kama mtu aliyeangukia gunia la unga. Shuleni walituita Sembe. Mimi nilikuwa Sembe Mkubwa na Otilia Sembe Mdogo.

Nyuma ya shingo mtu hajioni, wala nyuma ya masikio. Mama akaweka sheria: mpakane. Kila asubuhi kabla ya chai, "Geuka," nampaka Otilia. "Geuka na wewe," ananipaka. Alikuwa na vidole vikali yule mtoto! Naye alinilalamikia kila siku kwamba sifiki vizuri nyuma ya masikio. Mimi namwambia masikio yake makubwa yanamaliza dawa, yeye ananipaka chokaa puani, basi tunaanza kukimbizana mpaka Mama ashike mwiko. Tuliendelea hivyo mpaka Otilia alipoolewa akaenda Mbaha kule ziwani, kwa mvuvi mmoja mpole aitwaye Damasi. Mimi nikahamia mjini Mbinga kwa Shangazi Imakulata. Kuanzia hapo hakuna aliyempaka mwenzake.

Wakati huo ruksa ilikuwa imeingia. Wadogo zangu mnaosoma hamjui tulikotoka. Miaka ya nyuma sabuni ilikuwa habari ya kupanga foleni, tulifua kwa majani ya mpapai, na mtu mwenye mafuta ya kujipaka aliyaficha kwenye sanduku pamoja na cheti cha ubatizo. Mara paa! Mipaka ikafunguka, bidhaa zikamiminika. Shangazi, aliyekuwa akiuza chumvi na mafuta ya taa, akafungua kibanda cha vipodozi sokoni. Palikuwa na sabuni za kunukia zenye karatasi ya dhahabu, poda, wanja, rangi za mdomo, dawa za kulainisha nywele, losheni za waridi na za kijani. Mimi nikakaa katikati ya vitu hivyo kama bibi harusi. Wanawake wa mjini, wake wa watumishi, wananiuliza mimi, Sembe Mkubwa, wapake nini! Nami nilijibu. Hii ya miguu iliyopasuka, hii ya mtoto, hii usipake na ile. Nusu ya hayo nilikuwa najua na nusu nilikuwa nabuni.

Chokaa niliiacha. Nani atanunua poda kwa mtu aliyepakwa ukuta? Nilijipa moyo kwamba kibanda kina kivuli. Duka la dawa lililokuwa karibu lilikuwa na krimu ya jua ya kweli, katyubu kadogo kama kidole gumba. Niliuliza bei, nikasema asante, nikatoka.

Ndipo siku moja mfanyabiashara wa Songea akashusha katoni la chupa za kahawia. Kila chupa imechorwa jua la manjano, chini yake maandishi ya Kizungu. Nikafungua moja. Mafuta ya rangi ya asali, yananukia nazi, yananukia na kitu kingine kitamu ambacho sina jina lake.

"Haya nini?" nikamuuliza.

"Mafuta ya jua hayo, dada."

Mafuta ya jua! Nilikaribia kupiga vigelegele. Dawa ya mbu inafukuza mbu, dawa ya panya inaua panya, basi mafuta ya jua si yanafukuza jua? Chupa kubwa, bei ya sabuni mbili. Mungu ametukumbuka, nikasema. Na ukijipaka hayaonekani, ngozi inang'aa tu kama ya watu wengine.

Krismasi nikashuka Mbaha na chupa yangu ndani ya kikapu. Otilia alijipaka mikono, akajipaka uso, akachukua kioo cha Damasi cha kunyolea, akakisogeza puani kabisa maana macho yetu hayaoni mbali. Akajitazama muda mrefu.

"Dada," akasema, "leo na mimi ni mtu."

Nikafurahi kupita kiasi. Nikachukua kopo lake la chokaa, lilikuwa limebaki zaidi ya nusu, nikaenda kulitupa nyuma ya choo. Kwa mkono wangu huu. Otilia alisema, "Tuliache, Dada, labda litatufaa," nikamwambia aache ushamba.

Miezi ikapita. Kahawa ikaiva, wanawake wakashinda mashambani wanachuma, sokoni pakapoa. Siku moja akaja Mwalimu Tasiana, anayefundisha Kiingereza sekondari ya wasichana, akitafuta sabuni. Akaiona ile chupa kwenye rafu akaishika.

"Skola, hii mnamuuzia nani huku?"

"Sisi wenyewe, Mwalimu. Mafuta ya jua. Yanafukuza jua."

"Nani kakwambia yanafukuza?"

"Si jina lenyewe? Dawa ya mbu inafanya nini?"

Mwalimu akacheka, akashika meza. "Na mafuta ya nywele yanafukuza nywele?"

Sikumwelewa mara moja. Akanisomea maandishi, akanitafsiria. Ni mafuta ya Wazungu wanaotaka kuungua. Wanajipaka, wanajianika ufukweni kama usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, wanageuka rangi ya chai, ndiyo starehe yao. "Hayana kinga hata kidogo, Skola. Kazi yake ni kulisaidia jua liivishe ngozi." Kisha akaitazama mikono yangu iliyokuwa inang'aa, akaacha kucheka.

"Wewe hujayapaka, sivyo?"

"Sijapaka, Mwalimu."

Huo ndio uongo wa kwanza. Alipoondoka nilikwenda bombani nikajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawaka. Kesho yake nikavaa mikono mirefu, nikavuta kiti mpaka ndani kabisa ya kibanda. Chupa zilizobaki nikazisukuma nyuma ya makopo ya poda.

Sasa sikilizeni. Mimi niliacha. Otilia sikumwambia.

Nimejiuliza kwa nini mpaka kichwa kimechoka. Sababu ninazo nyingi na zote mbaya. Niliona aibu. Katika ukoo mzima mimi ndiye niliyekuwa najua mambo ya mjini, na sasa nimjulishe kwamba nilimpa mafuta ya kujikaangia? Nilimwonea huruma kwa kile kioo. Nikasema chupa itakwisha yenyewe, nitanyamaza, yatapita. Nikasema nitamwambia uso kwa uso nikishuka. Sikushuka.

Badala yake alikuja Damasi. Mwisho wa msimu wa kahawa alifika kibandani na gunia la usipa mabegani, amechoka, anatabasamu.

"Shikamoo Shangazi. Shemeji, habari za siku? Mdogo wako anakusalimu sana." Akatoa mfukoni ile chupa, tupu, imeoshwa vizuri. "Anasema imekwisha, kama kuna uwezekano umfikirie nyingine. Tangu ulipompa hiyo hata kuimba ameanza."

Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi, niliufungua. Shangazi akawahi. "Zipo! Skola, si zimejaa hapo nyuma? Mpe mdogo wako, usimtoze shemeji." Akapenyeza mkono nyuma ya makopo ya poda akatoa chupa, akaniwekea mezani.

Nikaifunga. Nilichukua gazeti, nikaifunga vizuri isivunjike njiani, nikampa Damasi mkononi. Akanishukuru. Usipa wake tuliula wiki nzima.

Kidonda changu kilianza na mvua za kwanza. Kilianza kama kigaga kwenye mdomo, nikadhani chai imeniunguza. Nikabandua, kikarudi. Nikapaka mafuta ya mgando, kikaloa, kikarudi. Mahindi yalipofika magotini kilikuwa kinatoa damu kila ninaponawa uso. Na mimi, mjuzi wa vipodozi, nilifanyaje? Nilipaka rangi ya mdomo juu yake. Nyekundu iliyoiva. Nilikaa sokoni mahindi yakichanua na yakikomaa, nauza urembo huku kidonda kinachimba chini ya rangi. Shangazi ndiye aliyesikia harufu. Alifunga kibanda mchana kweupe, akanikalisha, akanifuta mdomo kwa kitambaa kilicholoa.

"Mwanangu," akasema, "hiki si cha homa." Akaanza kulia yeye kabla yangu.

Mama akaitwa kutoka kijijini. Alikuja amevaa gauni la kanisani. Aliniinua kidevu akatazama, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Twende ziwani. Mdogo wako naye ana kidonda shingoni. Damasi ameleta habari juzi."

Shingoni. Nikaenda kufunga mzigo.

Benchi la siku ya ngozi pale hospitali ni refu, linatazama bustani ya mchicha. Nimelikalia mara nyingi kiasi kwamba najua msumari uliotokeza uko wapi. Siku ile ya kwanza tulikaa watatu, Mama katikati. Otilia alijifunika kanga kichwani kama mjane. Alinisalimu, akaninong'oneza, "Dada, na wewe?" Watu waliokuwa karibu walisogea kidogo kidogo mpaka benchi upande wetu likabaki tupu. Ila mama mmoja mwenye mtoto mchanga hakusogea. Alitoa ndizi mbili akampa Mama moja. Ile ndizi sijaisahau.

Nesi Perpetua alituita ndani. Akafunua kanga ya Otilia. Kidonda kilikuwa kikubwa kuliko changu, kimekaa pale pale nilipokuwa nampaka kila asubuhi tukiwa watoto.

"Mlikuwa mnapaka dawa?" akauliza.

Mama akawaka. "Wanapaka tangu wadogo! Dawa yenu ndiyo imeharibika! Nimeshuka milima hii nikiwa na mimba, nikiwa na homa, nafuata makopo yenu, leo niletewe watoto wameoza?"

Nesi aligeuka. Alinitazama mimi. "Skola, mlikuwa mnapaka?"

"Tulikuwa tunapaka," nikasema.

Akainamisha kichwa, akaandika. Akamwambia Mama, "Samahani, mama. Tutaiangalia dawa yetu." Akalibeba lile tusi kimya kimya, mtu asiye na kosa, na mimi nikamwacha alibebe.

Mimi nilikatwa kwanza. Sindano ya ganzi kwenye mdomo inauma kuliko kisu, mjiandae kwa hilo. Baada yake unasikia kuvutwavutwa tu, na mkasi, na daktari anaongea habari za mpira. Ganzi ikiisha ndipo unakiona cha moto. Wiki nzima nilinyonya uji kwa mrija, ute unanitoka kama mtoto anayeota meno. Mama alinifuta bila kusema neno. Nilitamani anigombeze.

Siku ya tatu Mama alikuwa nje anafua. Otilia alikuwa kitanda cha jirani anasubiri zamu yake, amelala kifudifudi sababu ya shingo.

"Dada," akasema, "nina neno."

"Mm."

"Usinigombeze. Yale mafuta yako. Chupa ya kwanza nilipaka kila siku kama ulivyoniambia. Ya pili nikaanza kuibania. Nilipaka Jumapili tu, maana najua unatoa kwenye biashara ya Shangazi, utasemwa. Siku za kazi nilikwenda shambani hivi hivi. Ndiyo maana shingo imeoza. Wewe umehangaika na mimi, mimi nimekuwa mchoyo kwa ngozi yangu mwenyewe." Akaanza kulia ndani ya mto. "Nisamehe, Dada."

Wodi ilikuwa na watu wachache. Hakuna aliyekuwa anatusikiliza. Nafasi ilikuwa kubwa, ya kupita mtu mzima na mzigo wake. Mdomo ulikuwa umefungwa lakini maneno matatu manne yangetoka, maana neno nililolitoa lilikuwa gumu kuliko hayo.

Nilinyoosha mkono nikamshika bega. Nikasema, kupitia bendeji, "Nimekusamehe."

Akashusha pumzi, akalala. Alilala mchana ule usingizi mzito ambao hakuwa ameupata tangu tufike. Nami nilikaa nikimtazama, nikajua nimefanya jambo ambalo sina jina lake, baya kuliko la chupa.

Otilia alikatwa wiki iliyofuata. Walichuna ngozi ya paja wakaibandika shingoni, ikashika nusu, nusu ikakataa. Kisha tezi zikavimba chini ya sikio, daktari akasema saratani imesambaa, lazima aende Dar es Salaam akapigwe mionzi. Baba akauza ng'ombe. Mama akaenda naye, yeye ambaye hakuwahi kuvuka Songea. Walikaa huko kiangazi chote.

Mimi nilihamia Mbaha kumlelea Otilia binti yake mdogo. Nilichimba mihogo kabla ya jua na baada ya jua. Mama mkwe wake alininywesha uji bila kuombwa, na jioni Damasi akirudi na samaki alinichagulia laini, asiye na miiba, nisijichome kwenye mshono. Wema wao uliniumiza. Mara mbili nilitaka kumwambia Damasi, na mara mbili nikamuuliza habari za nyavu.

Siku moja nilifungua sanduku la Otilia natafuta nguo ya mtoto. Chini, kati ya kanga zake za Jumapili, nikakuta kitu kimefungwa gazeti. Gazeti langu. Nikafungua. Chupa ya pili, imepungua vidole viwili tu.

Nilikaa na ile chupa mapajani mpaka mtoto akaja kuniuliza mama mkubwa vipi. Mdogo wangu aliniomba msamaha kwa kubania, na huenda kubania huko ndiko kulikombakiza hai. Nikaenda nyuma ya choo, pale pale nilipotupa kopo, nikayamwaga. Yananukia vizuri mpaka leo hayo mafuta, Mungu anisamehe.

Kesho yake nikaenda hospitali, nikamsubiri Nesi Perpetua amalize foleni, nikamwambia yote. Hakushtuka.

"Skola, kila kopo ninalotoa naandika," akasema. "Hamjachukua dawa tangu mdogo wako hajapata mtoto. Nilijua."

"Mbona ulinyamaza? Mbona ulikubali kutukanwa na Mama?"

"Nilikuuliza wewe," akasema. "Nikasubiri."

Aliniambia pia kwamba vidonda vyetu havikuanza na chupa, jua la miaka yote limo, na kosa kubwa ni lile kopo tulilotupa kuliko mafuta tuliyopaka. Alitaka kunipunguzia. Nimeyashika maneno hayo siku nyingine nikishindwa kulala, lakini siyategemei. Kopo nililitupa mimi.

Na kwa nyinyi mnaosubiri kwenye hilo benchi, nisije nikawapotezea siku bure. Chokaa ya hospitali ni mbaya usoni na ni nzuri mwilini. Pakeni kabla hamjatoka, siyo jua limeshawapiga. Paka na mdomo. Kofia na mikono mirefu haviishi muda wake, vaeni hivyo hata kama mna dawa. Ukiwa na uwezo wa duka la dawa, usinunue kwa picha ya jua wala kwa harufu, muulize mwuza dawa, "Hii inazuia jua au inaliita?" Atakucheka, mwache acheke. Akusomee tarehe ya kuisha. Chupa isikae dirishani. Na kigaga kisichopona kabla mwezi haujaisha usikipake rangi, kilete huku.

Otilia alirudi kahawa ilipochanua. Amekonda, shingo nyeusi upande mmoja kama iliyobabuliwa, hawezi kugeuka kushoto bila kugeuka mwili mzima. Lakini daktari alisema saratani wameimaliza. Tulicheka, tukalia, Mama akacheza ngoma peke yake uani. Mimi nilisubiri mpaka apate nguvu. Ndivyo nilivyojidanganya, kwamba namsubiri apate nguvu. Nesi alipoitisha maandishi haya nikaona sasa hayakwepeki. Otilia hasomi, aliacha shule la tatu sababu ya ubao asiouona. Nisingeruhusu asomewe na mwingine mbele za watu.

Nikaenda nayo Mbaha. Alikuwa anamenya mihogo. Nikamsomea, karatasi imegusa pua, kuanzia kwenye moto mpaka kwenye wodi. Kisu chake kilisimama kwa Mwalimu Tasiana, kikaendelea, kikasimama tena kwa gazeti. Nilipofika mwisho hakuinua kichwa.

"Soma tena pale," akasema.

"Wapi?"

"Pale uliponisamehe."

Nikasoma. "Tena," akasema. Nikasoma mara ya tatu, na neno lile lina "m" mbili, zote zikatoka na upepo. Akaweka kisu chini. "Chakula kipo jikoni, jipakulie," akasema, akatoka akaelekea ziwani, hakurudi mpaka nilipoondoka.

Msimu mzima wa kuchuma kahawa hakuniletea salamu. Mama alijua kuna jambo, akaniuliza, nikamwambia. Naye alishuka peke yake kumwomba radhi Nesi Perpetua, akarudi, hakunisemesha siku tatu. Nilistahili.

Siku ya ngozi iliyofuata nilimkuta Otilia kwenye benchi. Akaitika salamu. Alikaa mwisho wa benchi na mimi nikakaa kwenye msumari. Tulipimwa, tukapewa kila mtu kopo lake. Nje jua lilikuwa kali na njia yake na yangu zinaachana pale getini. Nilikuwa nafunga kofia niliposikia kando yangu, "Geuka."

Nikageuka. Alinipaka shingo kama anasugua sufuria iliyoungua. Vidole vyake vimekuwa vikali kuliko vya utotoni. Alinipaka masikio, akanivuta ndewe, akaniumiza. Neno la msamaha hakulitamka, na mpaka naandika mistari hii hajalitamka, wala silidai.

Kisha akanipa mgongo, akashusha kanga. Sikuwahi kuliona lile kovu mchana, kwa karibu hivyo. Ngozi ya paja shingoni, haina nywele, nyembamba, inang'aa. Nikachota chokaa, nikaanza pembeni, polepole, nikiogopa kumtonesha.

"Nyuma ya masikio," akasema. "Hujawahi kufika vizuri nyuma ya masikio."

Nikafika, nikarudia, na hakuniambia basi.